Edileuza Targino, Mbanguaji wa Korosho Aliyeitwa Mvivu

Wapendwa mliotembea na jua hili mpaka makaburi ya Tabuleiro Seco, leo Jumatatu tarehe 7 Novemba 2022, familia inawashukuru. Tunayemlaza hapa ni Edileuza Targino Fagundes. Wengine mlimwita Deda, wengine mlimwita Mama Ruzuku, na majina yote mawili aliyaitikia. Haya ndiyo maisha yake, yameandikwa kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979, hapa hapa Tabuleiro Seco, wilaya ya Barra do Angico, katika nyumba ya udongo iliyokuwa nyuma ya kisima cha zamani. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa wa mzee Manoel Targino na mama Severina, ambao wote wametangulia. Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Mama Severina alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka kimya, hakulia, macho wazi, mpaka shangazi zake wakaanza kushika vichwa. Mkunga akawatuliza. "Yupo," akasema. "Kaja kuangalia kwanza. Akishaona palivyo, atalia." Na kweli alilia, saa nzima baadaye.

Alianza shule Februari 1986 katika chumba kimoja kilichoezekwa kwa bati, ambako mwalimu alikuja kwa baiskeli siku tatu za wiki. Msimu wa korosho ulipofika, madawati yalibaki matupu na mwalimu alirudi na baiskeli yake. Kwa mwendo huo alifika darasa la nne, mwaka 1990, na hapo pakawa mwisho. Lakini kusoma alikupata, tena kwa sauti nzuri, na kijiji kikamfanya msomaji wa barua zilizotoka kwa vijana waliokwenda São Paulo kujenga maghorofa. Jirani yetu Dona Quitéria alikuwa akimwita kila barua ya mwanawe ilipofika. Kijana aliandika mambo makavu: kazi hakuna, msinitegemee. Edileuza, msichana wa miaka kumi na miwili, alisoma: "Mama, bado natafuta kazi, nakukumbuka kila siku, nakubusu mikono." Miaka mingi baadaye, bibi yule akiwa kitandani, alimshika mkono akamwambia, "Nilijua, mwanangu. Yule hajawahi kumbusu mtu. Ila ulikuwa unasoma vizuri mno, nikasema acha unisomee zote."

Kazi yake ilikuwa korosho, tangu akiwa na miaka sita hadi wiki tatu kabla ya kufa. Alikaanga alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwenye karai la bati lililotobolewa matundu. Alikoroga kwa mti mrefu huku mafuta ya maganda yakiwaka na moshi mweusi ukimfuata kila alikohamia. Kisha aliketi bandani na kibao chake cha kubangulia, akagonga moja moja, ganda huku, kiini kule, mpaka gunia liishe. Waliobangua wanajua mafuta yale yanavyounguza. Alijipaka majivu na unga wa muhogo, lakini ngozi ya vidole ilibanduka, ikaota nyingine, nayo ikabanduka, mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini na kung'aa kama mgongo wa kijiko. Mtoto akiwa na homa, hakumpima kwa mkono. Aliinama akamwekea shavu, kwa sababu vidole vilikuwa havimwambii kitu tena.

Jumamosi alifua na kupiga pasi mjini, kwa Dona Lindalva mwenye duka la vitambaa. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo aliomba jambo moja.

"Dona Lindalva, nilikuwa naomba unisainie kitabu cha kazi. Nikiugua nipate bima."

"Kitabu cha nini tena, Deda? Si unakula ruzuku? Serikali ikulishe, halafu mimi nikulipie na bima?"

"Ruzuku ni ya watoto, Dona."

"Haya, ya watoto. Kola ya lile shati jeupe imebaki na doa, iangalie."

Aliiangalia. Siku hiyo hiyo, akiwa nyuma ya pazia na pasi mkononi, alimsikia Dona Lindalva akimwambia mteja dukani, "Shoga yangu, siku hizi hupati msichana wa kazi hata ukimtafuta kwa tochi. Wamekalia viti, wanasubiri kadi za ruzuku zijae pesa. Wanazaa ili walipwe." Mteja akacheka. Edileuza alimaliza shati, akalikunja, akaenda kuanua nguo zilizokuwa kwenye kamba kabla hazijakauka sana.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1999, katika kanisa dogo la Mtakatifu Severino. Aliolewa na Wilame Fagundes, fundi wa kujenga visima. Walijaliwa watoto watatu: Jucilene, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2001, Jadson, tarehe 30 Januari 2004, na Jaciara, tarehe 22 Septemba 2007. Hapo familia ina jambo la kusema ambalo marehemu mwenyewe alitaka lisifichwe. Miaka ile ya kwanza, akiwa na mume ndani na visima vinachimbwa, yeye pia aliwasema wanawake wa ruzuku. Kulikuwa na jirani, Gildete, mama wa watoto wanne asiye na mume. Siku moja kisimani, Gildete alipopita na ndoo, Edileuza aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Yule tumbo lake ndiyo shamba lake. Analima kila mwaka." Wote wakacheka, na Gildete akasimama, akaweka ndoo chini, akaitazama nyumba ya Edileuza yenye mume ndani. "Mungu akuwekee huyo wako, Deda," akasema, kisha akabeba ndoo yake.

Februari 2007 Wilame alikwenda São Paulo kutafuta kazi ya ujenzi. Mimba ya Jaciara ilikuwa changa. Barua zake zilikuja mbili, na mkewe aliwasomea watoto kwa namna ile ile aliyomsomea Dona Quitéria. Ya tatu haikuja. Mwaka uliofuata Edileuza alivaa gauni lake la kanisani, akapita kwa Gildete, akamwomba radhi, kisha akamwuliza mahali pa kuandikishwa ruzuku. Gildete hakumfokea. Alichosema ni, "Chukua kadi za kliniki za wote watatu, na usivae hilo gauni. Ukipendeza wanasema huna shida."

Ruzuku ile ilikuwa na masharti, na marehemu aliyashika kuliko wengi wanavyoshika amri za Mungu. Watoto wawe shuleni, wapimwe uzito, wachanjwe, wasifanyishwe kazi. Kadi zote alizitunza ndani ya bati la biskuti. Wanawe walipanda gari la shule wakiwa wameshiba kuskusi ya mahindi, viatu vimefutwa, hata kama viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazimana. Alikuwa na shauku moja katika maisha yake: asiketi mwanawe hata mmoja mbele ya kile kibao cha kubangulia. Jucilene alikuwa hodari wa hesabu. Mwalimu Nivaldo, ambaye yupo nasi hapa, alimwambia mama yake kwamba msichana huyu akimaliza darasa la tisa anaweza kufanya mtihani wa chuo cha ufundi cha mjini, kusomea umeme. Kuanzia siku hiyo Edileuza alikuwa akimwuliza kila mgeni aliyefika nyumbani, hata mwuza sufuria, "Eti msichana anayesomea umeme huwa anavaa glavu?" Alitaka kusikia kwamba anavaa.

Redio ilikuwa inawaka bandani tangu asubuhi. Kulikuwa na kipindi cha mjini ambacho watu walipiga simu kusema yaliyowakera, na hayakupita majuma mawili bila ya akina mama wa ruzuku kuletwa mezani. "Wanyimwe mwezi mmoja tu," mzee mmoja alisema, "mtawaona watakavyoamka mapema kutafuta kazi." Wakati huo ilikuwa saa moja asubuhi, na Edileuza alikuwa kwenye gunia la pili. Jadson alinyanyuka kwenda kuzima redio. Mama yake akamkataza, tena akaongeza sauti. "Acha," akasema, "tusikie tunavyoishi."

Mwaka 2016 ofisi ya ruzuku ya mji ikataka kila mwenye kadi aandikishwe upya kwa alama za vidole. Marehemu alikwenda Jumanne tarehe 9 Agosti, akapanga foleni tangu asubuhi, Gildete nyuma yake. Zamu yake ilipofika, karani, kijana mpole, alimwonyesha kioo cha mashine.

"Kidole gumba hapo, mama. Bonyeza."

Akabonyeza.

"Bonyeza vizuri, mama, haikusoma."

Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Karani akafuta kioo kwa kitambaa, akajaribu kidole cha pili, cha tatu, vyote kumi, kisha akaanza upya. Mashine ilitoa mlio ule ule kila mara. Foleni ikaanza kukohoa.

"Kwani amekuja na vidole vya nani?" mwanamume mmoja akauliza huko nyuma.

"Vya kuazima!" mwingine akajibu, watu wakacheka.

Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri hakucheka. Alisema taratibu, lakini watu wakamsikia, "Hawa wana akili sana. Anaviunguza makusudi ili ajiandikishe mara mbili, kadi hii jina hili, kadi ile jina lile."

Gildete akageuka. "Dada, umewahi kubangua korosho wewe?"

"Mimi nafanya kazi, mama."

Karani aliinama karibu na kioo chake. "Mama, naona wengi kutoka huko kwenu. Dawa yake ni moja tu. Ipumzishe mikono. Siku arobaini usiguse korosho, jipake mafuta ya nazi, ngozi itarudi na alama zake. Njoo Jumatatu tarehe 19 Septemba. Ila mpaka hapo kadi inabaki imefungwa, sina uwezo."

Basi Edileuza Targino, kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka sita, aliketi. Aliketi kibarazani, mikono imepakwa mafuta, viganja vimeelekea juu mapajani kama mtu anayekinga kitu. Barabara ya kwenda kisimani inapita mbele ya kibaraza kile, na kila aliyepita alimwona. Juma la kwanza walimsalimu. La pili walimsalimu wakiangaliana. La tatu, mama mmoja alisema bila hata kushusha sauti, "Ndiyo nyie mlikuwa mnabisha. Mwoneni. Saa nne asubuhi." Aliomba asiitwe mlaghai, na njia pekee waliyompa ilikuwa kukaa kama mvivu.

Tena hiyo Septemba msimu ulikuwa unafunguka. Mwenye magunia, mfanyabiashara aliyegawa korosho za kubangua, akaja na lori lake, akasema kwa heshima tu, "Deda, nyumba isiyobangua sasa hivi siiletei tena mwaka huu. Nina watu wanangoja." Ndani kulikuwa na unga wa muhogo na maharage aliyoleta Gildete. Jucilene alikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la tisa, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Gunia liliposhushwa, alikwenda akaketi kwenye kibao.

"Inuka hapo," mama yake akamwambia. "Gari la shule linakuja."

"Tutakula nini, mama?"

"Nitabangua mimi."

"Ukibangua vidole vinaondoka tena."

Gari la shule lilipiga honi barabarani mara mbili, likaondoka. Ilikuwa hivyo siku kumi na mbili. Kila jioni alimwosha binti yake mikono kwa majivu na sabuni, kidole kimoja kimoja, na kila jioni walikubaliana kwamba ni mpaka tarehe 19 tu.

Alhamisi tarehe 8 Septemba, siku ya thelathini na moja, afisa wa ustawi wa jamii alifika nyumbani. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti nzuri na mkoba wa fomu. Ilikuwa imefika barua ofisini, isiyo na jina, na kazi yake ilikuwa kuja kuangalia.

"Mama Edileuza ni wewe?"

"Ni mimi. Karibu, binti yangu, pita ukae. Kahawa ipo."

"Asante, sitakaa. Barua inasema umejiunguza vidole, na kwamba kuna mwanamume unamficha. Mimi sijasema, ni barua." Akamwonyesha. Mwandiko ulikuwa mzuri, wenye nukta na mkato kila mahali panapotakiwa.

Marehemu aliisoma yote. "Aliyeandika amesoma kuliko mimi," akasema.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nabangua korosho."

"Naona mikono yako ni safi."

"Nimeipumzisha. Nasubiri vidole."

Afisa alitazama upande wa banda. "Na yule ni nani?"

"Jucilene, binti yangu mkubwa."

"Leo si siku ya shule?"

Kibao kilikuwa kimenyamaza, na mikono ya msichana ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Afisa aliandika akiwa amesimama, fomu juu ya mkoba. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichokiona. Edileuza alikuwa msomaji hodari, aliweza kusoma hata maandishi yaliyopinduliwa, na aliyasoma pale pale: *Mama ana afya na nguvu, hana kazi, ameketi. Mtoto wa shule anafanyishwa kazi hatari. Napendekeza ruzuku isitishwe.*

Afisa alipoondoka, Jucilene alikuja akifuta mikono. "Kaandika nini, mama?"

"Kaandika kwamba atatusaidia," Edileuza akasema.

Jumatatu tarehe 19 alikwenda mjini. Ngozi ilikuwa imerudi, nyembamba, yenye mistari hafifu kama ya mtoto mchanga, na mashine ikasoma vidole saba kati ya kumi. Gildete anasema hajawahi kumwona akifurahi vile. Alimgeukia kila mtu kwenye foleni akamwonyesha kidole gumba. "Kimekubali! Mmeona? Kimekubali!" Karani naye alitabasamu, kisha akatazama kwenye kompyuta yake na tabasamu likakauka. "Vidole vimekubali, mama," akasema. "Kadi imesitishwa kwa sababu nyingine. Ni ripoti ya nyumbani. Hiyo si ya kwangu." Mmoja wa waliokuwa nyuma akasema, "Si watu walisema?"

Alirudi kwenye kibao siku ile ile. Ruzuku ilirudishwa Machi 2018, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kwenda na kurudi, kwa ajili ya wale wadogo wawili. Jucilene alimaliza darasa la tisa kwa shida, mtihani wa chuo ukampita, naye akabaki bandani kando ya mama yake. Marehemu aliacha kuwauliza wageni habari za umeme. Juni 2021 Jucilene alijifungua Ayla Vitória, na baba wa mtoto akapotelea njia ya kusini, na pale kisimani pakasemwa, "Naye kaanza. Damu ni ile ile." Bibi yule mpya aliwapita na mjukuu mgongoni, ndoo kichwani, akawasalimu wote kwa majina yao.

Kifua chake kilianza kumsumbua mapema, labda 2014, kwa kikohozi ambacho kila mbanguaji anacho na hakuna anayekiita ugonjwa. Mwaka jana alianza kukohoa damu. Daktari wa hospitali ya mkoa alipiga picha, akaitazama muda mrefu.

"Unavuta sigara pakiti ngapi kwa siku, mama?"

"Sivuti, daktari. Nakaanga."

Aliambiwa aache kazi kabisa, na apeleke kitabu cha kazi kwenye bima ili alipwe wakati anaugua. Kitabu alikuwa nacho, kipya, kurasa hazijaguswa na wino wa mtu yeyote. Kwa hiyo hakuacha. Alibangua akiwa amekaa, baadaye akiwa ameegemea ukuta, mpaka katikati ya Oktoba aliposhindwa hata kuinua mkono wa kugongea. Alilazwa kwenye bembea ya kulalia karibu na mlango, kwa sababu huko ndani alikosa pumzi. Gildete alikuja kila siku. Dona Lindalva alituma salamu na kipande cha kitambaa cheupe, naye marehemu alishukuru.

Jana, Jumapili tarehe 6 Novemba, alishinda amefumba macho. Mchana aliyafumbua, akatazama chumba chote taratibu, akauliza, "Jaciara amekwenda shule?"

"Leo Jumapili, mama," Jucilene akamjibu.

"Basi kesho."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki saa kumi na dakika kumi jioni, akiwa na miaka arobaini na mitatu, wanawe watatu na mjukuu wake wakiwapo.

Jeneza hili limetolewa na halmashauri ya mji, kwa fungu la maziko ya maskini. Familia inalitaja wazi kwa sababu wakati wa mkesha mtu alinong'ona kwenye sahani ya biskuti, "Hata sanduku la serikali. Mpaka mwisho." Aliyesema alisikiwa. Hatumtafuti. Tulitaka tu ajue kwamba ni kweli, ni la serikali, na kwamba tulitamani kulikataa, na hatukuweza. Na tunamwomba jambo hili, yeye na wengine: kama ilikuwa lazima Edileuza asemwe, alisemwa vya kutosha akiwa hai. Alisikia yote. Hakuna jipya mnaloweza kumwambia leo.

Wanaobaki ni dada zake wawili, Damiana na Ivoneide. Ni Gildete, rafiki yake. Ni mwanawe Jadson, mwenye miaka kumi na minane, mbanguaji wa korosho. Ni binti yake Jucilene, mwenye miaka ishirini na mmoja, mbanguaji wa korosho, mama wa Ayla Vitória, asiye na mume, ambaye kuanzia mwezi ujao anaomba ruzuku ya nyumba hii iandikwe kwa jina lake. Ni mjukuu huyo, Ayla Vitória. Wilame Fagundes alitumiwa habari kwa anwani ya mwisho tuliyonayo.

Na ni Jaciara, mwenye miaka kumi na mitano, darasa la tisa, aliyesimama pale mbele na sare yake kwa sababu hana gauni jeusi. Mwezi huu, ingawa ndio kwanza umeanza, amekwishakosa siku zote zinazoruhusiwa na masharti ya ruzuku, akimwuguza mama yake. Mwalimu Nivaldo, familia inakuomba mbele ya kaburi hili: leo, kwenye daftari la mahudhurio, usimwandike kwamba hayupo.

Mungu amlaze Edileuza mahali ambapo mtu akipumzika haulizwi kwa nini.